Muziki nao ni sababu ya kuvuka mpaka

Mtu wa Katumba, huku Mpanda, akiuza magunia yake ya maharage akaenda Bujumbura kumzika shangazi yake, kijiji kizima kitamtakia safari njema. Akiipeleka fedha hiyo hiyo Kahama akarudi na bidhaa za duka, tutamsifu kwamba anajua kutafuta. Lakini athubutu kusema anakwenda nayo Kigali, akakae ukumbini usiku mmoja kumsikiliza Israel Mbonyi, kisha arudi hana hata kitenge cha kumletea mama yake, uone vichwa vitakavyotikiswa. Wapole watasema ujana unamsumbua. Wakali watamuuliza nyumba ya mama yake itaezekwa lini.

Mimi nasimama na huyo wa Kigali. Kumfuata mwimbaji nje ya nchi ni safari halali kama ya msiba au ya biashara, na kwa watu wa Katumba ina uzito ambao Mtanzania wa Iringa au Lindi hawezi kuuona upesi.

Kwanza tumjue anayefuatwa. Mbonyi ni Mnyarwanda aliyezaliwa Uvira, mashariki ya Kongo, mwaka 1992. Kwa miaka mingi aliimba Injili kwa Kinyarwanda, na mashabiki wake walikuwa zaidi Wanyarwanda na Warundi. Mwaka 2023 akatoa wimbo wa Kiswahili, Nina Siri, na mara ukawa kwenye mabasi, kwenye harusi na kwenye simu za watoto wa shule. Mwaka uliofuata akaimba mbele ya umati mkubwa Nairobi na Kampala. Lakini onyesho ambalo wengi wanaliota ni lile la nyumbani kwao, siku ya Krismasi, ndani ya BK Arena, ukumbi wa Kigali unaochukua watu 10,000. Aliimba humo Krismasi ya 2022, ya 2023 na ya 2024.

Katumba inamsikia vizuri kuliko miji mingi ya Tanzania. Kiswahili chake ni chetu. Kinyarwanda chake hakimpi shida anayezungumza Kirundi, na Kirundi bado ndiyo lugha ya jikoni katika nyumba nyingi za huku, ingawa shuleni na sokoni ni Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa huku, awe wa Kanoge au Litapunga, akisikiliza albamu nzima, hakuna wimbo anaouruka kwa kutoelewa.

Sasa kuhusu huo uzito. Katumba ilianzishwa mwaka 1973, porini, ng'ambo ya mji wa Mpanda, ili kuwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Ulyankulu ya Tabora ni ya wakati huo huo, na Mishamo ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Tanzania iligawa ardhi, watu wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Sifa hiyo Tanzania inastahili, na wazee wa Katumba ndio wa kwanza kuitoa. Ila sheria ya kudhibiti wakimbizi, iliyotungwa katikati ya miaka ya 1960, ilimtaka mkimbizi akae mahali alipopangiwa. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi. Hata kwenda Mpanda mjini, mwendo mfupi tu kwa gari, ulipaswa kuwa na karatasi, na karatasi ilitaja unakokwenda, unakwenda kufanya nini na utarudi siku gani.

Nilikuwapo kijana mmoja alipokuwa akimuaga bibi yake kwa safari ya Kigali. Bibi alikuwa ameketi barazani na ungo wa maharage mapajani, akichambua. Hakuuliza ni nani anayeimba wala kiingilio ni kiasi gani. Aliuliza, "Kibali umepata?" Mjukuu akatoa pasipoti mfukoni akampa kwa mikono miwili. Bibi akajipangusa vumbi kwenye kitenge, akaifungua ukurasa mmoja mmoja, akitafuta kitu. Mwishowe akauliza siku ya kurudi imeandikwa wapi. Alipoambiwa haikuandikwa, akashangaa: "Sasa watajuaje kama umechelewa?"

Mjukuu alicheka, lakini swali la bibi lilikuwa na akili zake. Maisha yake yote safari ilikuwa ni kitu ambacho mkubwa fulani anakipa mwanzo na mwisho. Safari yake kubwa kuliko zote, ile ya 1972, ilikuwa na mwanzo tu. Kati ya hizo mbili hakuwahi kuiona safari ya namna ya tatu, ambayo mtu anaondoka kwa kupenda, anafurahi, kisha anarudi kwake kwa sababu kwake kupo.

Watu walipokuwa wamefungiwa, muziki haukufungiwa. Redio haikuombewa kibali. Mwaka 1994 BBC ilipoanzisha matangazo ya Kirundi na Kinyarwanda, Gahuzamiryango, ili kuziunganisha familia zilizotawanyika, sauti hizo zilivuka mipaka ambayo wasikilizaji hawakuweza kuivuka. Kanda za kaseti nazo zilitembea. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwa ndugu zetu wa Ulyankulu. Huko watu walitambuliwa kwa barabara walizopangiwa, kila barabara na namba yake, na kwaya moja ikajulikana kwa anwani hiyo: Barabara ya 13. Nyimbo zao za Injili zilipendwa mbali sana na Tabora, hadi Kenya. Makazi ambayo mtu wake alihitaji ruhusa kutoka yalikuwa yakiimbwa katika nyumba za watu ambao hawakujua hata Ulyankulu iko mkoa gani.

Wanamuziki wenyewe walikuwa wakihama kama sisi. Kidum, mpiga ngoma na mwimbaji aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1974, aliikimbia vita akafika Nairobi mwaka 1995, na huko ndiko alikojenga jina kwa Kirundi na kwa Kiswahili, hadi akaimba Haturudi Nyuma pamoja na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Kabla yake Khadja Nin alikuwa amekwisha kukipeleka Kiswahili cha Burundi katika majukwaa ya Ulaya. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 na akafa akiwa wetu kabisa mwaka 2010. Historia ya muziki wa ukanda huu ni historia ya waimbaji waliovuka mipaka kuwafuata wasikilizaji. Kilicho kipya ni msikilizaji kuvuka kumfuata mwimbaji, na kwa Katumba upya huo una tarehe.

Mwaka 2007 Serikali iliwapa wakimbizi wa 1972 uchaguzi: kurudi Burundi au kuomba uraia. Karibu wanne katika kila watano waliomba uraia, na zaidi ya watu 162,000 wakakubaliwa. Lakini vyeti vilikawia, kwa kuwa mpango wa kwanza ulitaka makazi yavunjwe na watu watawanywe mikoani. Uchaguzi mkuu wa 2010 uliwapita. Ni Oktoba 2014 ndipo Rais Kikwete alipoanza kuvigawa vyeti, na mwaka 2015 raia wapya wakapiga kura kwa mara ya kwanza.

Tumezoea kuupima uraia kwa kura, na ni kipimo kizuri. Nakiongezea kingine. Raia ni mtu anayeweza kutoka nchini kwa jambo lisilo la lazima na akaamini kwamba atapokewa anaporudi. Mkimbizi hawezi kufanya hivyo. Akitoka nchi iliyomhifadhi anaweza kuipoteza hifadhi, na akirudi alikokimbia anaweza kupoteza zaidi. Ndiyo maana kijana aliyemwonyesha bibi yake pasipoti alikuwa akifanya jambo kubwa kuliko alivyojua. Wapo waliovuka baada ya 2014 kwenda kuzika, kutambulishwa kwa wajomba au kutafuta mashamba ya babu zao. Hizo zote ni safari za madeni ya zamani. Safari ya kwenda kusikiliza muziki haidaiwi na mtu yeyote.

Na njia anayopita ina mambo ya kuonyesha. Kutoka Mpanda anapanda basi la Kigoma kupitia Uvinza, kisha Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, anakokutana na barabara kuu iendayo Rusumo. Pale Rusumo mto Kagera unaanguka kwa kishindo chini ya daraja. Upande wa pili gari linahamia mkono wa kulia wa barabara, na saa inarudishwa nyuma saa moja. Maofisa wa nchi mbili wanakaa katika kituo kimoja, kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016. Hapo hapo Rusumo, mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya wakimbizi 200,000 kutoka Rwanda walivuka kuja Tanzania katika muda wa siku moja hivi, wengine na magodoro kichwani. Kijana wa Katumba anapopita hapo akiwa na tiketi ya onyesho kwenye simu, anakwenda kinyume cha mkondo ule, na hakuna anayemfukuza.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Mpanda hawalitazami. Januari 2024 Burundi iliifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, kama ilivyokuwa miaka kadhaa kabla ya Septemba 2022. Mtu wa Bujumbura aliyetaka kumwona Mbonyi Kigali, safari ya saa chache kwa barabara ya moja kwa moja, akawa hana budi kutafuta njia ya kuzunguka, na njia ya kuzunguka inapita kwetu. Mjukuu wa mkimbizi wa 1972 anaweza leo kwenda Bujumbura kupitia Manyovu na kwenda Kigali kupitia Rusumo, wakati binamu yake aliyebaki kwenye kilima cha ukoo amezibiwa njia ya moja kwa moja ya kwenda Kigali. Kama kuna faida ya pasipoti ya Tanzania inayoonekana kwa macho, ni hiyo.

Najua yanayosemwa upande wa pili, na si ya kupuuzwa.

La kwanza ni fedha. Mkulima wa Katumba anategemea mavuno yake, na nauli ya kwenda Kigali na kurudi, malazi na kiingilio vinaweza kumaliza msimu mzima wa maharage. Nakubali kwamba anayeacha ada ya mtoto akaenda kusikiliza muziki amekosea, kama vile anayeacha ada akaoa mke wa pili amekosea. Ila tuwe wakweli kuhusu mahali fedha zetu zinapokwenda. Tunachangia harusi ambazo kadi zake zinatufikia kwa watu tusiowajua. Hatumwiti mtu mharibifu kwa hizo, kwa kuwa matumizi yale yanaonwa na jamii nzima na chakula chake tunakila sote. Anayesafiri peke yake kwa furaha yake ndiye tunayemshuku. Nadhani kinachotuudhi kwake ni kwamba hakutuita.

Nchi nyingine zimeshajua thamani ya msafiri huyu. Machi 2024 Taylor Swift alifanya maonyesho sita Singapore, na kwa kuwa Serikali ya huko ilikuwa imetoa ruzuku ili maonyesho yafanyike kwake, majirani walilalamika waziwazi: mashabiki wao walikuwa wakibeba fedha kuzipeleka kwenye hoteli za Singapore. Kigali nayo imeamua kuwa mji wa namna hiyo. Desemba 2023 ilimleta Kendrick Lamar, Februari 2025 ikamleta John Legend, wote BK Arena. Na sisi wenyewe Tanzania, tangu 2004, tunawapokea kila mwaka wageni wanaokuja Sauti za Busara kusikiliza muziki Ngome Kongwe, Zanzibar. Tunawaita watalii, tunawakaribisha kwa heshima. Haiwezekani Mdenmarki anayeifuata taarabu Unguja awe mtalii na Mtanzania anayemfuata Mbonyi Kigali awe mpotevu.

La pili ni simu. Wanasema nyimbo zote zipo, tena kwa picha safi, mtu azitazame akiwa kitandani kwake. Jibu langu ni kwamba kwenye simu unamwona mwimbaji lakini huwaoni wenzako. Kijana wetu aliporudi hakunisimulia sana kuhusu Mbonyi, ambaye kutoka alipokaa alionekana mdogo na mbali. Alinisimulia kuhusu mama mmoja Mkongo aliyekuwa kiti cha pembeni, na wavulana kutoka Kampala nyuma yake, na jinsi taa zilivyozimwa na watu wakaendelea kuimba bila kuongozwa, kila mmoja na lafudhi yake, na maneno yakawa yale yale. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu umati mkubwa wa watu wa mataifa mchanganyiko umeonekana mara nyingi mno kambini na kwenye vituo vya mpakani. Kijana wa Katumba kuuona umati kama huo ukiwa umekusanywa na furaha, naye akiwa ndani yake, ni elimu ambayo simu haiwezi kuitoa.

La tatu ni kwamba wasanii waje wenyewe. Hili naliunga mkono kwa moyo wote. Desemba 2019 Diamond Platnumz alipokwenda Kigoma kusherehekea miaka 10 ya muziki wake, alipanda treni kutoka Dar es Salaam, na miji ya njiani ikapata siku yake. Reli ya Mpanda inachepuka kutoka njia hiyo hiyo pale Kaliua. Ilijengwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi, na hakuna sheria inayoikataza kuleta waimbaji. Uongozi wa Mkoa wa Katavi ukitafuta sababu ya kuwavuta watu wa Kigoma, Tabora na Rukwa, tamasha moja kubwa la mwaka Mpanda lingekuwa mwanzo mzuri. Lakini hata Mpanda ikipata tamasha, hamu ya kwenda kumsikia mtu nyumbani kwake, katikati ya watu wake, haitakwisha.

Hatari zipo. Agosti 2021 onyesho alilokusudia Mbonyi kulifanya Burundi lilikataliwa na Serikali ya huko, na akasubiri hadi siku za mwisho wa 2022 ndipo akaimba Bujumbura. Mashabiki wa Fally Ipupa waliofika Paris Februari 2020 walipokewa na moshi: wapinzani wa siasa za Kinshasa walichoma moto karibu na ukumbi, ingawa onyesho lenyewe lilifanyika. Msanii anaweza kuzuiwa kwa ugomvi wa wakubwa usiokuhusu, na fedha yako ikakwama. Anayesafiri alijue hilo, akate tiketi kwa wauzaji wanaotambulika, awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na nauli ya kurudi aitenge kabla ya kutenga kitu kingine chochote.

Nimalizie na Serikali, kwa kuwa ndiyo inayoshika ufunguo. Pasipoti ya kawaida imekuwa ikilipiwa shilingi 150,000, na mwombaji hutakiwa kuonyesha ushahidi wa shughuli inayompeleka nje. Mwenye barua ya chuo anayo. Mfanyabiashara ana leseni, na mgonjwa ana rufaa. Mwenye uraia wa tajnisi anaongeza na cheti chake juu ya hayo. Mpenzi wa muziki hana fungu lake, kwa hiyo anadanganya: anaandika kwamba anakwenda kumtembelea ndugu, au anaua shangazi ambaye alikuwa mzima asubuhi. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakitembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Sisi na Burundi hatukujiunga na utaratibu huo, ingawa itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayozungumzia watu kutembea kwa uhuru, ilianza kutumika tangu Julai 2010.

Tanzania inaweza kuanza na dogo: tiketi ya onyesho ikubaliwe kuwa ushahidi wa safari, sawa na barua ya mwaliko. Baadaye kitambulisho cha NIDA kitoshe kumfikisha mtu Kigali, Kampala na Bujumbura. Na watu wa Katumba, waliojibu maswali ya safari zao kwa takriban miaka 40, wapunguziwe maswali. Ofisa wa mpakani aulize pasipoti ya nani na anarudi lini. Sababu ya safari abaki nayo mwenye safari.